Chombo Kipya Mikononi mwa Mhudumu wa Jamii

Katika kata ya vijijini kama Endamarariek, wilayani Karatu, mhudumu wa jamii huenda kaya kwa kaya: husuluhisha ugomvi wa ndoa, hufuatilia mtoto aliyetelekezwa, humwelekeza mgonjwa zahanati. Kumbukumbu zake aliziandika daftarini. Siku hizi simu ya mkononi imeingia katika kazi hiyo. Kwa nini chombo kimoja hupokewa upesi, na kingine husitiwa?

Jibu la mwanzo lilipatikana shambani. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya wakulima 259 wa Iowa na mbegu chotara ya mahindi. Kati ya mwaka 1928 na 1941, wote isipokuwa wawili waliipokea. Habari za kwanza zilitoka hasa kwa wauzaji, lakini aliyeshawishi zaidi ni jirani. Mwaka 1962 Everett Rogers alikusanya tafiti za namna hiyo, akaeleza sifa zinazosaidia jambo jipya kupokewa: liwe na faida kuliko la zamani, liafikiane na desturi, liwe jepesi, liweze kujaribiwa kidogo kidogo, na matokeo yake yaonekane.

Tuupime kwa sifa hizo utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mzingo ulio chini ya milimita 115 huangukia rangi nyekundu, dalili ya utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano. 125 na zaidi ni kijani. Utepe hauhitaji umeme, na mama huona rangi papo hapo. Sifa zote tano zimo.

Simu je? Huokoa safari ya kupeleka taarifa Karatu mjini. Lakini huhitaji chaji na mtandao. Na mhudumu akilazimika kujaza daftari na simu pia, kazi yake imeongezeka. Zaidi ya hayo, daftari hufungiwa kabatini, ilhali habari iliyomo simuni yaweza kusambaa kwa dakika moja. Mtoto aliyedhulumiwa akijulikana kijiji kizima, amedhulumiwa mara ya pili. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti.

Basi kusita si ujinga sikuzote. Kutunza siri ni desturi ya kazi hii, na chombo kisichoitunza hakiafikiani nayo. Mwanafunzi anayetamani kubuni chombo cha namna hiyo hana budi kwanza kufuatana na mhudumu siku nzima, aone anachokificha na sababu ya kukificha.