Wivu na Heshima Iliyojeruhiwa: Tujifunze kwa Othello

Leo tuongee juu ya wivu wa mtu aliyedharauliwa, ule unaomfikisha hata kuua.

Mwingereza William Shakespeare alitunga mchezo uitwao Othello, uliochezwa katika jumba la mfalme kule London mwaka 1604. Othello ni jemadari hodari, mtu mweusi katika mji wa Venice, Italia. Vitani wanamsifu, lakini baba mkwe anamkataa kwa rangi na asili yake. Hicho ni kidonda. Chini yake yuko Iago, naye ana chake: cheo alichokitamani amepewa Cassio.

Angalieni Iago anavyofanya kazi. Anaanza kwa swali dogo, kisha ananyamaza, kama rafiki anayeogopa kuumiza. Halafu anagusa penye kidonda: wewe ni mgeni, hujui tabia za wanawake wa hapa. Othello anadai ushahidi. Anapewa nini? Habari ya kitambaa cha mkewe Desdemona, ambacho Iago mwenyewe alikiweka chumbani mwa Cassio. Tena anasimamishwa mbali amtazame Cassio akicheka. Anaona kicheko, hasikii maneno. Kumbe Cassio anazungumzia mwanamke mwingine. Othello anamuua mkewe. Muda mfupi baadaye Emilia, mke wa Iago, anafunua ukweli wa kitambaa. Wakati umekwisha pita. Othello naye anajiua.

Turudi kwetu. Machi 1993 watu waliuawa Ntoto, katika Walikale, na moto ukawaka mpaka Masisi. Maelfu walikufa, wengi zaidi walikimbia. Shida zilikuwa za kweli: mashamba, utawala wa kimila, uraia. Sheria ya 1981 ilidai asili ya ukoo nchini tangu mwaka 1885. Mmoja akaambiwa, "Wewe si mtu wa hapa." Mwingine akasema, "Udongo wa babu zangu unaamriwa na wengine." Vidonda viwili, na wenye kutafuta vyeo wakajua pa kugusa. Sheria ile ilibadilishwa mwaka 2004, lakini karatasi peke yake haifungi kidonda cha moyo.

Mimi nilisoma sheria. Habari mbaya ikikufikia, uliza kama hakimu. Kwanza: aliyeleta aliona kwa macho yake, au aliambiwa? Pili: anayeshtakiwa amesikilizwa, au tumekwisha mhukumu? Othello alimuuliza mkewe akiwa tayari amekata shauri. Huko si kusikiliza. Tatu: tukipigana, nani atapata faida?

Wakubwa, msingoje kitambaa kifike sokoni. Iteni pande zote mbili barazani, mchana, mbele ya wazee, na wamama pia, kwa kuwa Emilia ndiye aliyejua. Nawe mzazi, mtoto akirudi na neno la chuki kutoka kisimani, usilipeleke kwa jirani. Muulize: uliyasikia maneno, au uliona kicheko tu?

Aliyejeruhiwa heshima ana haki ya kulia na kudai haki yake. Hana haki ya kumkopesha mwingine panga lake.

Amani ikae kwenu.