Harufu Mbaya katika Tangi la Samaki wa Dhahabu: Utambuzi wa Chanzo na Utaratibu wa Marekebisho

Ikisiri

Makala hii inafafanua vyanzo vya harufu mbaya katika matangi ya samaki wa dhahabu na utaratibu wa kuiondoa. Hoja yake kuu ni kwamba harufu ni dalili ya kuvurugika kwa kazi ya bakteria wanaosafisha maji. Kwa sababu hiyo, tiba iliyozoeleka ya kumwaga maji yote na kuosha kila kitu huondoa harufu kwa siku chache tu, huku ikiharibu kile ambacho kingeizuia isirudi. Makala inaonesha namna aina ya harufu inavyoelekeza mahali pa kutafuta chanzo, na kwa nini marekebisho yafanywe kwa sehemu na kwa hatua.

1.0 Utangulizi

Samaki wa dhahabu, ambaye jina lake la kisayansi ni Carassius auratus, ni miongoni mwa samaki wa pambo waliofugwa na binadamu kwa muda mrefu zaidi. Asili yake ni China, ambako ufugaji wake ulistawi katika enzi ya nasaba ya Song (960-1279). Barani Ulaya alifika katika karne ya 17. Leo hufugwa katika matangi ya kioo majumbani, ofisini na katika kumbi za mapokezi, ikiwemo miji ya pwani ya Afrika Mashariki ambako maji ya tangi huwa ya uvuguvugu karibu mwaka mzima.

Lalamiko la kawaida la wafugaji ni kwamba tangi linanuka. Wengi hulijibu kwa kuosha: maji yote humwagwa, changarawe husuguliwa na kichujio husafishwa kwa maji ya bomba hadi king'ae. Kwa siku mbili au tatu tangi hupendeza. Baada ya hapo maji huwa na ukungu, samaki huanza kuhemea juu ya maji, na baadhi hufa. Lawama huelekezwa kwa muuzaji au kwa ugonjwa, ilhali chanzo ni usafi wenyewe. Ili kueleza jambo hili, ni muhimu kwanza kuangalia kinachotendeka ndani ya maji.

2.0 Kazi ya Bakteria katika Tangi

Samaki wa dhahabu hutoa taka ya nitrojeni katika umbo la amonia, na sehemu kubwa yake hupitia kwenye matamvua. Kinyesi, mabaki ya chakula na majani yanayooza huongeza amonia hiyo. Katika tangi lililokomaa, amonia hailimbikizani. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitriti hugeuzwa kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo sana na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Asili ya kibakteria ya mchakato huu ilithibitishwa na kazi za Sergei Winogradsky mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa hatua ya pili katika matangi hufanywa na bakteria wa jenasi ya Nitrobacter. Mwaka 1998, Timothy Hovanec na wenzake walionesha kuwa katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na Nitrospira. Mwaka 2015 ilibainika kuwa baadhi ya Nitrospira huweza kukamilisha hatua zote mbili peke yao.

Kwa mfugaji, sifa tatu za bakteria hawa ndizo zenye uzito. Kwanza, huhitaji oksijeni. Pili, hukua polepole. Tangi jipya kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwa na bakteria wa kutosha. Tatu, wengi wao huishi wakiwa wamejishikiza kwenye sifongo ya kichujio, changarawe na kuta za tangi, wala hawaelei majini kwa wingi.

Pale ambapo oksijeni imekwisha, bakteria wa aina nyingine hushika nafasi. Hao huvundisha mabaki na kutoa gesi zenye uvundo. Hivyo basi, kutafuta chanzo cha harufu ni kutafuta mahali ambapo oksijeni haifiki na kitu kinachooza hapo.

3.0 Aina za Harufu na Maana Zake

Harufu zote za tangi hazina maana moja. Ya kwanza ni harufu ya udongo uliolowa mvua. Hii hutokana hasa na jiosmini, kiwanja kilichopewa jina hilo mwaka 1965 na Gerber na Lechevalier. Pua ya binadamu huweza kukitambua kikiwa katika kiwango cha nanogramu chache kwa lita. Harufu hii ikiwa hafifu ni hali ya kawaida ya tangi lenye afya, na haihitaji tiba yoyote.

Ya pili ni harufu ya ukungu au ya majani yaliyovunda, inayoambatana na utando wa ute wenye rangi ya kijani cha samawati juu ya changarawe au mimea. Utando huo ni wa sianobakteria. Huashiria mlimbikizo wa virutubisho, mwanga mwingi na mzunguko hafifu wa maji.

Ya tatu ni shombo kali au harufu ya uozo. Hii hutokana na kuvunda kwa protini: mzoga wa samaki au konokono uliofichika, ama chakula kilichozidi.

Ya nne ni harufu ya mayai viza, ambayo ni ya gesi ya salfidi ya hidrojeni. Hutengenezwa na bakteria wanaotumia salfati mahali pasipo na oksijeni, hasa chini ya changarawe nene au ndani ya kichujio kilichoziba. Mashapo ya mahali hapo huwa meusi kwa sababu ya salfidi ya chuma. Gesi hii ni sumu kwa samaki, hivyo harufu yake haipaswi kupuuzwa.

Ikumbukwe kwamba amonia yenyewe, katika viwango vinavyodhuru samaki, haitambuliki kwa pua. Kwa hiyo uvundo ni ushahidi wa tatizo, lakini ukosefu wa uvundo si ushahidi wa usalama.

4.0 Utaratibu wa Kutafuta Chanzo

Uchunguzi huanza kwa kutenganisha sehemu zinazoshukiwa. Maji kidogo huchotwa kwa glasi safi na kunuswa mbali na tangi. Vivyo hivyo hufanywa kwa sifongo ya kichujio, kwa mashapo yaliyonyonywa kwa mpira kutoka chini ya changarawe, na kwa kila pambo lenye uwazi ndani. Kifuniko cha tangi, ndoo na kopo la chakula navyo hukaguliwa, kwani wakati mwingine uvundo hutoka kwenye chakula kilichokauka juu ya kifuniko, wala si kwenye maji. Sehemu inayonuka kuliko glasi ya maji ndiyo yenye chanzo.

Sambamba na hilo, samaki na konokono huhesabiwa. Asiyeonekana hutafutwa nyuma ya kichujio, chini ya mapambo na katikati ya mimea.

Hatua inayofuata ni kupima amonia, nitriti, nitrati na pH. Vipimo hivi hutenganisha hali tatu. Amonia au nitriti ikionekana, bakteria hawatoshi au wamedhurika. Vyote viwili vikiwa sifuri huku tangi likinuka, bakteria wanafanya kazi na tatizo limejificha mahali pamoja. Nitrati ikiwa juu sana, maji hayabadilishwi vya kutosha, au samaki na chakula vimezidi uwezo wa tangi. Mfugaji asiyetenganisha hali hizi hutibu zote kwa njia moja, na hapo ndipo madhara huanzia.

5.0 Madhara ya Kuosha Kila Kitu

Kuosha kila kitu hudhuru kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuua bakteria. Klorini iliyomo katika maji ya bomba imewekwa kwa madhumuni hayohayo. Sifongo iliyosuguliwa chini ya bomba hupoteza sehemu kubwa ya bakteria wake, na tangi hurudi katika hali ya upya likiwa tayari limejaa samaki. Amonia hupanda ndani ya siku chache, na uozo unaofuata hurudisha uvundo.

Njia ya pili haionekani kwa urahisi. Ugeuzaji wa amonia hutumia kaboneti za maji, hivyo tangi lililoachwa muda mrefu huwa na tindikali na pH yake hushuka. Katika pH ya chini, karibu amonia yote huwa katika umbo la ioni ya amoniamu, ambalo sumu yake ni ndogo. Ichukuliwe kuwa tangi lina pH 6.5, joto la nyuzi 25 za Selsiasi na jumla ya miligramu 4 za amonia kwa lita. Amonia yenye sumu ni takribani asilimia 0.18, yaani miligramu 0.007 kwa lita. Nusu ya maji ikibadilishwa ghafla na pH ikapanda hadi 7.5, jumla ya amonia hushuka hadi miligramu 2, lakini sehemu yenye sumu hupanda hadi takribani asilimia 1.75, yaani miligramu 0.035. Maji yameonekana safi zaidi, ilhali sumu imeongezeka mara tano. Ndiyo maana baadhi ya samaki hufa saa chache baada ya tangi kusafishwa.

6.0 Utaratibu wa Marekebisho

Siku ya kwanza, chochote kilichooza huondolewa na ulishaji husitishwa kwa siku moja au mbili. Samaki mzima mwenye afya huvumilia bila shida. Pampu ya hewa huongezwa. Endapo pH ya tangi na ya maji mapya zinakaribiana, robo ya maji hubadilishwa. Zikitofautiana kwa kiasi cha kizio kimoja au zaidi, hubadilishwa asilimia 10 tu kila siku hadi zikaribiane. Maji mapya huondolewa klorini kwanza. Klorini ya kawaida hutoka maji yakiachwa wazi na kupulizwa hewa, lakini kloramini haitoki kwa urahisi huo, nayo huhitaji dawa maalumu ya kutibu maji.

Kichujio hufuata. Sifongo hukamuliwa ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa kwenye tangi, hadi maji yapite kwa urahisi. Kikiwa na sifongo mbili, moja husafishwa sasa na nyingine baada ya wiki mbili.

Changarawe hunyonywa kwa mpira robo moja kila wiki. Mashapo yakiwa meusi na yenye harufu ya mayai viza, samaki huhamishiwa kwanza kwenye ndoo yenye maji ya tangi na pampu ya hewa, ili gesi itakayofumuka isiwadhuru. Changarawe inayorudishwa huwekwa kwa tabaka jembamba.

Mkaa maalumu wa kuchujia huweza kupunguza harufu kwa muda. Hata hivyo, hujaa na kuacha kufanya kazi, wala hauondoi kinachooza. Ukitumiwa kabla ya chanzo kupatikana, huficha dalili.

Baada ya hapo huangaliwa kinacholeta uchafu. Samaki wa dhahabu hana tumbo halisi. Chakula hupita moja kwa moja kwenye utumbo. Hivyo hulishwa kidogo kidogo, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Vilevile, anaweza kufikia urefu wa sentimita 20 au zaidi, na bakuli dogo la kioo haliwezi kubeba taka yake hata likisafishwa kila siku.

7.0 Joto na Kukatika kwa Umeme

Katika miji ya joto, tatizo huenda haraka zaidi. Maji baridi ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 30 hubeba takribani 7.5, nao uozo na mahitaji ya samaki huongezeka kadiri joto linavyopanda. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, maji yaliyofungiwa ndani ya kichujio huishiwa oksijeni na kuanza kuvunda. Umeme unaporudi, kichujio husukuma uvundo huo tanginì kwa mkupuo mmoja. Baada ya katizo refu, kichujio hufunguliwa na maji yake kumwagwa kabla ya kuwashwa.

Uvumilivu wa samaki huyu nao hupotosha. Mwaka 1980, Shoubridge na Hochachka walionesha kuwa samaki wa dhahabu akikosa oksijeni huzalisha ethanoli na kuitoa majini, jambo linalompa muda wa kuishi ambao samaki wengi hawana. Kwa hiyo kuendelea kwake kuogelea hakuthibitishi kuwa maji ni salama. Mara nyingi harufu huja kabla ya kifo, na thamani yake kwa mfugaji ni kwamba bado ipo nafasi ya kurekebisha.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba harufu mbaya huelekeza mahali na aina ya tatizo, na kwamba pua pamoja na vipimo vinne vya maji vinatosha kutenganisha tangi lenye uozo wa mahali pamoja na tangi ambalo bakteria wake wamedhurika. Tangi la kwanza huhitaji kuondolewa kilichooza bila kuguswa sehemu nyingine. La pili huhitaji maji kidogo kidogo, hewa, chakula pungufu na wiki kadhaa za subira. Katika hali zote mbili, bakteria waliomo tanginì hulindwa kwanza, kwa kuwa ndio watakaozuia uvundo usirudi.