Kupima Nguvu ya Vihifadhi katika Vipodozi, na Maneno Yapasayo Kazi Hiyo

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi wataalamu wanavyopima nguvu ya dawa zitiwazo katika vipodozi ili vijidudu visizaliane humo, na papo hapo kuyatazama maneno ambayo Kiswahili kinayo, au hakijayapata bado, kwa kazi hiyo. Mambo haya mawili hayatengani. Afasiriye ripoti ya maabara au maelezo ya kibandiko cha chupa, akikosea neno moja, aweza kumfanya msomaji ajipake jichoni kitu kisichofaa kupakwa hapo.

Wala jambo lenyewe si la mzaha. Katika miaka ya 1970 madaktari wa macho wa Marekani waliandika habari za wanawake waliopata vidonda katika konea, yaani ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni, kwa sababu ya rangi ya majimaji ya kupaka kope ambayo ilikuwa imeingiwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Mkwaruzo mdogo wa brashi ulitosha kumfungulia njia, na bakteria huyu akiisha kuingia katika konea aweza kuiharibu kwa siku chache tu.

Msomaji wa pwani huenda akauliza mbona bibi zetu walijipamba miaka mingi bila vihifadhi. Jibu ni maji. Wanja wa kale ulisagwa ukawa unga mkavu. Liwa ilisuguliwa jiweni kwa maji kidogo ikapakwa wakati ule ule. Mafuta ya nazi yaliyopikwa hata maji yakaisha huweza kuharibika harufu kwa hewa, lakini bakteria hawapati pa kuzaliana humo. (Sisemi kwamba wanja huo ulikuwa salama kwa kila hali, maana ule uliotokana na jiwe la galena una risasi ndani yake.) Krimu ya kiwandani ni kitu kingine kabisa. Ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa pamoja, tena kwa muda wa miezi au miaka, na kila siku kidole huchovywa humo.

Na hapo ndipo ugumu unapoanza. Mtu aweza kudhani kwamba yatosha kujua kihifadhi fulani huua bakteria katika maji matupu, kisha kukitia kwa kiasi hicho hicho katika krimu. Sivyo. Bakteria huishi katika sehemu ya maji, lakini vihifadhi vingi, kama vile vya jamii ya parabeni, hupenda mafuta kuliko maji. Vikitiwa katika krimu, sehemu kubwa yake huhamia katika matone ya mafuta, mahali ambapo hapana adui wa kupigana naye. Baadhi ya vitu vya kuchanganyia maji na mafuta navyo huvifunga vihifadhi hivyo visiweze kufanya kazi. Asidi ya benzoiki hufaa pale tu mchanganyiko unapokuwa na uchachu wa kutosha. Uchachu ukipungua, dawa imo lakini haina nguvu. Kwa hiyo orodha ya vitu vilivyotiwa haithibitishi neno. Hapana budi kipodozi chenyewe, kama kilivyo, kishambuliwe.

Jaribio lenyewe hufanywa hivi. Kitabu rasmi cha madawa cha Marekani kiliingiza jaribio la namna hii katika toleo la 1970. Kwa vipodozi, utaratibu ujulikanao sana leo ni ule wa Shirika la Kimataifa la Viwango, uitwao ISO 11930, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2012. Huchukuliwa vijidudu vitano: bakteria watatu, nao ni Pseudomonas aeruginosa tuliyekwisha kumtaja, Staphylococcus aureus na Escherichia coli, kuvu mmoja wa jamii ya hamira, Candida albicans, na ukungu mweusi, Aspergillus brasiliensis. Kila kimoja hutiwa peke yake katika fungu lake la kipodozi. Bakteria hutiwa kwa wingi wa 100,000 hata 1,000,000 katika kila gramu, na kuvu na ukungu kwa wingi wa 10,000 hata 100,000. Maji yanayowabeba hayapaswi kuzidi sehemu moja katika mia ya kipodozi, yasije yakakizimua kile kinachopimwa. Kisha kipodozi huwekwa, na baada ya siku 7, 14 na 28 huchotwa kidogo, walio hai wakahesabiwa.

Katika kuhesabu mna mtego. Mtaalamu hamwoni kijidudu mmoja mmoja. Hukitandaza alichokichota juu ya chakula cha vijidudu katika kisahani, akangoja kila aliye hai azae kundi lionekanalo kwa macho. Lakini akichota krimu amechota na kihifadhi pia. Kihifadhi kikiendelea kufanya kazi kisahanini, vijidudu vilivyo hai havitaota, naye ataandika kwamba vimekufa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuhesabu, kihifadhi chenyewe hakina budi kutuliwa nguvu kwa vitu kama lesithini na polisobati, na yapasa ithibitishwe kwanza kwamba kimetulia kweli. Jaribio lisilo na uthibitisho huo halina thamani, hata matokeo yake yapendeze namna gani.

Hapa lugha yetu ina hazina ambayo wafasiri huisahau. Kiswahili hutofautisha waziwazi kuua, kuzuia na kulaza. Kijidudu kilichozuiliwa hakikufa. Ondoa kizuizi, kitaamka. Nimeona tafsiri zinazotumia “kuua” kwa yote matatu, na msomaji hawezi tena kujua ni lipi lililopimwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika hesabu. Kipimo kikali cha ISO, kiitwacho A, hutaka bakteria wapungue kwa logi 3 katika siku 7, kisha wasiongezeke tena hata siku ya 28. Logi 3 maana yake ni kwamba katika kila elfu amebaki mmoja: wakitiwa 1,000,000 wasibaki zaidi ya 1,000. Afasiriye “wamepungua kwa elfu” amesema kwamba wamebaki 999,000, na kipodozi kibovu kimegeuka kuwa kizuri kwa kalamu yake. Heri kuandika “amebaki mmoja katika elfu”, ijapokuwa ni maneno mengi. Candida hutakiwa abaki mmoja katika kumi baada ya siku 7; ukungu, ambao mbegu zake ni sugu, hupewa hata siku 28 kufikia kiasi hicho. Kipimo cha pili, B, ni chepesi zaidi: hukubali bakteria wafikie logi 3 siku ya 14.

Jina la jaribio nalo lataka fikira. Waingereza wamelipa jina litokanalo na neno la kumwita mtu uwanjani aje apigane, na wafasiri wengi wa siku hizi huandika “jaribio la changamoto”. Mimi siridhiki nalo, kwa kuwa changamoto sasa limekuwa neno la kila shida, toka ubovu wa barabara hata upungufu wa madawati. “Jaribio la shambulio” laeleza kazi yenyewe. “Kihifadhi” chafaa, ila kisichanganywe na “dawa ya kuua vijidudu”, maana kazi yake ni kulinda kipodozi, wala si kutibu ngozi.

Kadhalika kipodozi kilichofaulu si “tasa”. Kanuni ya ISO 17516 hukubali vijidudu hata 1,000 katika gramu moja ya vipodozi vya kawaida, na 100 kwa vile vya kupaka karibu na macho au vya watoto walio chini ya miaka mitatu, mradi wale wa hatari waliotajwa kwa majina wasionekane. Kuandika “hakina vijidudu” ni kumdanganya mnunuzi.

Ugumu huu umezidi miaka hii. Methilisothiazolinoni, iliyowadhuru watu wengi ngozi kwa mzio, ilikatazwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2017 katika vipodozi visivyooshwa baada ya kupakwa, na baadhi ya parabeni zimepunguziwa kiasi. Silaha zimekuwa chache, na watengenezaji hupenda kuandika “bila kihifadhi” kana kwamba ni sifa.

Tena jaribio huwekwa katika joto la nyuzi 20 hata 25, na vijidudu hutiwa mara moja tu. Kopo lililo juu ya dirisha Mombasa au Dar es Salaam hukaa katika joto lizidilo hilo, na hutiwa vijidudu kila siku. Nalo losheni ikikaribia kwisha hutiliwa maji, ikatikiswa, ili isipotee hata tone. Maji hayo hukizimua kihifadhi chini ya kiasi kilichopimwa, na vibandiko vya Kiswahili nilivyovisoma havikutaja jambo hilo. Maneno “Usitie maji” yangetosha.