Figo ya Ndugu na Msimu wa Tumbaku: Wajibu wa Chama Baada ya Upasuaji



Neno kupandikiza si geni kwa mkulima wa tumbaku wa Mpanda. Tangu Novemba 2017 neno hilo limepata maana ya pili hapa nchini. Mwezi huo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ikisaidiana na madaktari wa Hospitali ya BLK ya New Delhi, ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo kufanyika Tanzania. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, kwa msaada wa wataalamu wa Tokushukai kutoka Japani. Kabla ya hapo mgonjwa wetu alipelekwa India, naye ndugu wa kumtolea figo akaondoka pamoja naye.

Kwa mwanachama wa Inyonga, Katumba au Mishamo, Dodoma ni mbali lakini inafikika: kwa basi kupitia Tabora, au kwa reli ya Kaliua ile iliyojengwa zamani kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Kwa hiyo hapana budi vyama vya msingi vijiandae. Jambo ninalolikuta katika madaftari ya vyama, kuhusu wagonjwa wa kila namna, ni hili: siku ya safari mchango hukusanywa kwa moyo mkunjufu, jina la kila aliyetoa huandikwa, mgonjwa husindikizwa hadi kituoni, kisha kurasa zinazofuata ni tupu. Ilhali kwa upandikizaji wa figo, kazi kubwa ya chama huanza mgonjwa akisharudi, nayo huchukua msimu mzima au zaidi. Tena wanaohitaji msaada ni watu wawili.

Yafaa kwanza ieleweke kinachofanyika. Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine, aghalabu mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne. Mkulima anayefungwa na ratiba hiyo hana shamba tena, kwa kuwa lazima akae palipo na mashine. Upandikizaji humtoa katika kifungo hicho. Figo moja ya ndugu mwenye afya huondolewa na kuwekwa chini ya tumbo la mgonjwa, karibu na nyonga. Figo zake za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake. Figo iliyotolewa na mtu aliye hai kwa wastani hufanya kazi miaka 15 hadi 20, na wapo wanaopindukia hapo.

Je, mtoaji hubaki nusu mtu? Neno hilo husemwa vijijini, nalo huwatisha watu bure. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa duniani ulifanywa Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, na daktari Joseph Murray, ambaye mwaka 1990 alipewa Nishani ya Nobel. Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard. Kwa kuwa walikuwa pacha wa kufanana kabisa, mwili wa Richard haukuikataa figo ile, naye akaishi miaka minane zaidi. Ronald mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu, akafanya na kilimo, akafariki Desemba 2010 akiwa na umri wa miaka 79. Yaani aliishi miaka 56 kwa figo moja. Figo inayobaki hukua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Hata hivyo madaktari hawamkubali kila ajitoleaye. Mwenye shinikizo kubwa la damu, kisukari au figo zenye kasoro hurudishwa nyumbani, na anayerudishwa asihesabiwe kuwa alimkimbia nduguye.

Sasa tumtazame huyo mtoaji, maana ndiye anayesahauliwa. Mpokeaji ni mgonjwa anayejulikana, watu wamemwona akivimba miguu na kukonda. Mtoaji aliondoka mzima. Akirudi baada ya wiki chache anatembea, anacheka, na jirani anadhani yuko tayari kushika jembe. Hayuko tayari. Kwa wiki 6 za kwanza asiinue kitu kizito, hata ndoo ya maji iliyojaa. Kazi ngumu za shamba humngoja hadi wiki ya 12, kadiri daktari atakavyoona kidonda. Mkulima wa tumbaku anajua wiki 12 ni nini. Zikiangukia Januari hadi Machi, majani yanaiva na kuungua shambani, na bani linabaki baridi.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa hesabu za chama. Mtoaji huyo, kama wenzake, amekopa mbolea, dawa na nyuzi kupitia chama, na deni linakatwa sokoni katika marobota yake. Asipoleta tumbaku, deni haliondoki. Linabaki juu ya chama, na kwa hiyo juu ya wanachama waliovuna. Nimesikia wajumbe wakinung'unika mkutanoni kwamba wao hawakutoa figo, mbona wanalipa. Manung'uniko hayo yana haki yake, na dawa yake ni kupanga mapema.

Upasuaji wa mtoaji aliye hai una faida moja kubwa: siku yake hupangwa. Mgonjwa na ndugu zake waweza kumwuliza daktari kama upasuaji waweza kufanyika Mei au Juni, tumbaku ikiwa imekwisha kuvunwa na kukaushwa, ili mtoaji apate miezi mitatu kabla ya kazi nzito ya msimu mpya kuanza. Daktari akisema mgonjwa hawezi kungoja, neno lake ndilo la mwisho. Lakini swali liulizwe. Daktari wa Dodoma hana namna ya kujua kalenda ya vitalu vya Mlele asipoambiwa. Na kama upasuaji utaangukia katikati ya msimu, Bodi ijue kabla pembejeo hazijagawiwa, ili mtoaji apunguziwe eneo la kulima, au shamba lake ligawiwe kwa ujima kati ya wenzake wa kundi: fulani atachuma, fulani atasimamia moto wa bani, fulani atapanga madaraja. Majina na siku yaandikwe. Ujima usioandikwa hudumu wiki mbili.

Kuna swali la fedha linalopasa kusemwa waziwazi. Figo haiuzwi. Kanuni za Shirika la Afya Duniani zilizoidhinishwa mwaka 2010 zinakataza malipo kwa ajili ya kiungo, ila zinaruhusu mtoaji kurudishiwa gharama za haki zinazothibitika, pamoja na kipato alichopoteza. Tofauti hiyo ni kubwa, na chama kiioneshe katika karatasi zake. Kisiandike kamwe kwamba fulani amelipwa kwa kutoa figo. Kiandike nauli, siku za kulala Dodoma, na vibarua waliochuma shamba lake, kila kitu na hati yake ya malipo. Nikiikuta hati ya namna hiyo sina swali.

Wala Bodi isichote sanduku kwa huruma. Nalijua jambo la chama kimoja, nisichokitaja, ambako fedha za msaada zilitoka kwa kauli ya mdomo tu; nia ilikuwa njema, lakini mwaka uliofuata hakuna aliyeweza kueleza zilitoka kifungu gani, na familia ya mgonjwa ikaanza kutazamwa kama wezi. Kujali jamii ni msingi wa saba wa ushirika, kama ulivyotangazwa Manchester mwaka 1995, lakini msingi huo hautekelezwi nje ya makisio. Mkutano Mkuu utenge kifungu cha maafa na ugonjwa katika makisio ya mapato na matumizi, uweke kiwango, na makisio yapite panapohusika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Michango ya hiari iwe na daftari lake mbali na fedha za chama.

Sasa mpokeaji. Mwili wake, usiokuwa wa pacha, huitambua figo mpya kuwa ngeni na hutaka kuiangamiza. Ndiyo maana anapewa dawa za kuutuliza ulinzi wa mwili, kama takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Dawa hizi hunywewa kwa saa maalumu, kila siku, maadamu figo ile inafanya kazi. Akiacha kwa sababu anajisikia vizuri, au kwa sababu basi halikufika na dawa, figo yaweza kufa, na zawadi ya nduguye ikapotea. Chama chenye mwanachama wa namna hii kihakikishe anaagiza dawa wakati angali na akiba ya wiki mbili au zaidi. Ajuaye safari za masika katika mkoa wetu hatasema tahadhari hiyo ni ya kupita kiasi.

Kabla ya upasuaji familia iulize kwa makini bima yake inagharimia nini: upasuaji peke yake, au na dawa za miaka inayofuata, na vipimo vya damu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, lakini mwanachama asikisie kilichomo katika kitita chake. Aulize ofisi ya bima na kupata jibu la maandishi. Mimi naliona swali hili kuwa zito kuliko nauli, kwa kuwa nauli huisha.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, na kliniki huwa za mara kwa mara. Mara nyingi itampasa mgonjwa apange chumba karibu na hospitali, pamoja na mtu wa kumpikia. Mwenye ndugu Dodoma ajitokeze.

Akirudi kijijini ipo hatari itokayo katika wema wetu. Desturi yetu ni kumjulia hali mgonjwa, tena kwa wingi: watu 20 chumbani, watoto wenye mafua mlangoni, kila mmoja akimshika mkono. Mwili ambao ulinzi wake umepunguzwa kwa dawa hauwezi kustahimili hayo. Wageni waje wawili wawili, wanawe mikono kwa sabuni, wakae nje kivulini penye hewa, na mwenye kikohozi atume salamu. Mwenyekiti wa chama ndiye wa kulisema jambo hili mkutanoni, kwa sababu mke wa mgonjwa akilisema ataitwa mwenye kiburi.

Vivyo hivyo na vyakula. Majirani wafugaji hupenda kuleta maziwa mabichi au mtindi wa kibuyu. Kwa mgonjwa huyu maziwa yachemshwe, nyama iive kabisa, na maji ya kunywa yachemshwe hata kama kisima kinasifiwa. Alale ndani ya chandarua. Dawa za miti shamba aziache zote, kwa kuwa baadhi hudhuru figo na nyingine huvuruga nguvu ya dawa zake. Hata za hospitali zaweza kugongana: rifampisini ya kifua kikuu hupunguza takrolimasi mwilini, na erithromaisini huiongeza. Kwa hiyo kila aendapo zahanati au duka la dawa aseme kwanza kwamba amepandikizwa figo, na aoneshe karatasi yake.

Akiona homa, mkojo kupungua, miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla, au maumivu pale figo ilipowekwa, asingoje siku ya kliniki. Chama kiwe kimekubaliana mapema ni nani mwenye gari au pikipiki atakayemfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na nani atakayepiga simu kwa daktari wake. Usiku wa manane si saa ya kuitisha kikao.

Kazi atairudia, lakini si kazi ileile mara moja. Moshi wa bani, vumbi la kupanga madaraja na dawa za kunyunyizia havimfai. Miezi ya mwanzo ikipita na daktari akiruhusu, yapo mambo ya chama anayoyaweza: kuandika daftari la pembejeo, kukagua stakabadhi za mizani, kusoma muhtasari. Mwenye haki ya kazi hiyo asinyang'anywe ili apewe yeye. Lakini nafasi ikiwapo, afikiriwe.

Kuhusu mtoaji, yako mambo matatu ya miaka yote. Asimeze ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mkulima mwenye mgongo unaouma huzinunua kama pipi. Mwanamke aliyetoa figo akitaka kuzaa, azungumze na daktari kwanza na kungoja, aghalabu mwaka mmoja, kisha ahudhurie kliniki ya wajawazito mapema, kwani uwezekano wa shinikizo la damu katika mimba huongezeka kidogo. Tena apimwe shinikizo la damu, mkojo na damu kila mwaka, ajapokuwa hasikii lolote. Akiridhia, tarehe ya kipimo hicho iandikwe katika kalenda ya ofisi ya chama pamoja na tarehe za ugawaji wa pembejeo, na meneja amkumbushe mwezi mmoja kabla, kusudi nauli yake iingie katika makisio ya mwaka huo.