Reli za Japani kwa Mfuko Mdogo (3): Himeji kwa Treni ya Kawaida

Juma lililopita tuliishia kwenye pasi ya reli ya siku saba, ambayo Oktoba 2023 bei yake iliruka kutoka yen 29,650 hadi yen 50,000. Nilisema kwamba mgeni aliyefikia Osaka, akataka kutoka siku moja tu na kurudi jioni, hana haja nayo. Leo tufanye hesabu hiyo kwa safari ya kweli, nayo ni ya kwenda kuona ngome ya Himeji, kama kilomita 88 magharibi ya Osaka.

Naiita ngome, siiti kasri. Msomaji akiutazama mnara ule mweupe wenye mapaa yaliyopandana, atadhani bwana mkubwa alilala juu kule na wake zake na watumishi wake. Hakulala. Watawala wa Himeji waliishi katika majumba yaliyokuwa chini, na mnara ulikuwa ghala la silaha na kimbilio la mwisho siku mambo yakiharibika. Jambo hilo tutalirudia tukifika, maana ndilo linaloamua unahitaji saa ngapi huko.

Kwanza nauli. Nauli ya treni za masafa nchini Japani ina sehemu mbili, na asiyezitenganisha atalipa zaidi ya inavyostahili. Sehemu ya kwanza unalipia umbali. Ya pili unalipia kasi. Ukipanda Shinkansen kutoka Shin-Osaka utafika Himeji kwa takriban nusu saa, lakini umelipa zote mbili, na jumla inazidi yen 3,000 kwa kwenda tu. Ukipanda treni iitwayo Shinkaisoku kutoka stesheni ya Osaka, unalipia umbali peke yake, kama yen 1,500, na safari inachukua saa moja hivi. Treni hiyo haistahili kuitwa ya polepole: hufika kilomita 130 kwa saa, husimama stesheni chache, na mchana hupita kila robo saa. Isitoshe, Shinkansen haipiti stesheni ya Osaka penyewe, bali Shin-Osaka, kwa hiyo dakika ulizozinunua kwa fedha unazirudisha kwa kuhama treni na kupanda ngazi. Kwenda na kurudi, tofauti inazidi yen 3,000. Hiyo inalipa kiingilio cha ngome na chenji ikabaki.

Wapo wanaotafuta unafuu zaidi, nao huenda stesheni ya Osaka-Umeda kupanda treni ya kampuni ya Hanshin inayounganisha na reli ya Sanyo hadi Himeji bila kushuka. Unaokoa yen mia na ushei, unapoteza zaidi ya nusu saa. Kwa mwenye siku moja tu, sioni faida.

Ondoka Osaka mnamo saa moja na nusu asubuhi, na ukae upande wa kushoto. Baada ya Kobe milima inaisukuma reli hadi ukingoni mwa maji, na kwa dakika chache una bahari dirishani, kisha daraja la Akashi Kaikyo, ambalo tangu 1998 linavuka mlangobahari kwenda kisiwa cha Awaji. Uwazi kati ya minara yake miwili mikuu ni mita 1,991. Mara tu baada ya hapo ni mji wa Akashi, unaopitiwa na mstari wa longitudo wa nyuzi 135 mashariki. Saa ya Japani nzima inahesabiwa kwa mstari huo. Tofauti yake na saa ya Afrika Mashariki ni saa sita kamili, na hapa pana jambo linalonifurahisha sana: ukiwa umesahau kurekebisha saa yako ya mkononi tangu Dar es Salaam au Mombasa, usiiguse. Wajapani wanapohesabu tisa za asubuhi, mshale wako utakuwa kwenye tatu, nawe utasoma saa tatu asubuhi kama ulivyofundishwa nyumbani.

Na saa tatu ndipo lango la ngome linapofunguliwa. Ukitoka stesheni ya Himeji huhitaji basi wala teksi. Barabara ya Otemae imenyooka kutoka mlango wa kaskazini hadi kwenye handaki la maji, mwendo wa kilomita moja, na mnara unauona mbele yako njia nzima. Mwisho wa kuingia ni saa kumi jioni, saa kumi na moja wanafunga, na tarehe 29 na 30 Desemba hapafunguliwi kabisa. Mwanzoni mwa Aprili, maua ya sakura yakichanua, umati ni mkubwa mno. Mwenye kutaka utulivu aepuke majuma hayo.

Kiingilio kilikuwa yen 1,000 kwa miaka mingi. Tangu Machi 2026 mgeni asiye mkazi wa Himeji hulipa yen 2,500, na walio chini ya miaka 18 huingia bure. Kwa mzazi mwenye watoto watatu, sharti hilo la pili ni neema. Wengi wamelalamikia nyongeza hiyo. Mimi siilalamikii. Mbao, vigae na chokaa haviwezi kujitunza, na ngome hii imeponea chupuchupu zaidi ya mara moja. Husimuliwa Himeji kwamba mwanzoni mwa enzi ya Meiji, mabwana wa ngome walipoondolewa madarakani, iliuzwa kwa mnada kwa yen 23 na sen 50, na mnunuzi akaiacha kwa sababu gharama za kuibomoa zilimshinda. Mwaka 1878 ofisa wa jeshi, Nakamura Shigeto, aliiandikia serikali kuomba ihifadhiwe. Usiku wa tarehe 3 Julai 1945 mji ulioizunguka uliteketezwa kwa mabomu ya moto, na bomu lililoiangukia ngome halikulipuka. Kisha kati ya 1956 na 1964 mafundi waliufumua mnara mkuu, kipande baada ya kipande, wakausimamisha tena. Asiye na fedha za kiingilio asikate tamaa: uwanja wa Sannomaru ni bure, na picha nzuri ya mnara hupigwa hapo.

Ila ukiweza, ingia. Ikeda Terumasa aliyeijenga upya kati ya 1601 na 1609 aliikusudia imcheleweshe mtu. Malango yake mengi yana majina yanayofuata mpangilio wa kale wa herufi za Kijapani, I, Ro, Ha, Ni, kama sisi tungesema alifu, be, te. Usidhani mpangilio huo ni njia iliyonyooka. Kuna mahali njia inapinda ghafla, na mnara uliokuwa mbele yako unajikuta umeupa mgongo. Adui aliyegeuka hapo alikuwa chini ya matundu ya ukutani: marefu ni ya mishale, ya pembetatu na ya duara ni ya bunduki. Bunduki hizo asili yake ni Wareno, waliofika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, miaka 45 baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi.

Simama pia uutazame weupe wenyewe. Ni lipu ya chokaa iliyochanganywa nyuzi za katani na gundi ya mwani, imepakwa ukutani na hata kwenye maungio ya vigae vya paa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia moto usishike mbao zilizo ndani. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe, anayejua chokaa ya matumbawe inavyochomwa na kupondwa, ataielewa kazi hii upesi kuliko wageni wengi.

Mlangoni mwa mnara utavua viatu na kuvibeba mkononi, basi vaa soksi nzima zisizoteleza. Nje unahesabu orofa tano. Ndani zipo sita na ya chini ya ardhi moja. Ngazi ni za mbao, kali kama za kupandia dari, na wazee wenye magoti mabovu wabaki uani bila kuona haya. Ndani hamna fanicha, maana, kama nilivyosema, mnara haukuwa makazi. Tazama nguzo mbili kuu, za urefu wa karibu mita 25, zinazopanda kutoka chini kabisa hadi karibu na kilele. Ya magharibi iliwekwa mpya wakati wa ukarabati ule wa 1956. Jipe saa tatu kwa yote haya.

Chakula kisikuumize kichwa: mabonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani huuzwa kila duka dogo, mawili yanatosha mchana. Jumla ya siku nzima, nauli na kiingilio na chakula, haizidi yen 7,000.

Kurudi, shuka Sannomiya, katikati ya Kobe. Kati ya Osaka na Kobe kampuni tatu za reli zinagombea abiria, na kwa ajili hiyo nauli ya kipande hicho imeshushwa. Matokeo yake, ukigonga kadi yako ya nauli na kutoka Sannomiya, kisha ukaingia tena baadaye, vipande viwili vinakugharimu pungufu kidogo ya nauli ya moja kwa moja. Kutoka stesheni panda mlima kama robo saa utafika Msikiti wa Kobe, uliofunguliwa 1935, wa kwanza nchini Japani. Nao ulipita salama katika mabomu ya 1945, na tena katika tetemeko la Januari 1995. Kando yake yapo maduka na mikahawa ya vyakula halali. Swali magharibi, kula, teremka stesheni; Osaka ni chini ya nusu saa.

Juma lijalo: Hikone, kando ya ziwa Biwa.