Mswada hukunjwa ungali mbichi: Maneno ya kamati za Bunge tunayoyachanganya

JUZI nikiwa ndani ya matatu, redio ilitangaza kwamba mswada fulani ulikuwa umesomwa bungeni kwa mara ya kwanza. Kijana aliyeketi kando yangu akaguna. "Hiyo imeisha, mwalimu. Wameshapitisha. Sisi tutangoja tu kuambiwa tulipe."

"Wamepitisha nini?" nikamuuliza.

"Si sheria?"

Kijana huyo hakuwa mjinga. Aliyempotosha ni sisi tunaoandika na kutangaza habari za Bunge. Tumeyachanganya maneno hadi mwananchi haoni mlango ulioachwa wazi kwa ajili yake. Mlango wenyewe ni kamati.

Tuanze na neno 'mswada'. Lina asili ya Kiarabu na maana yake ni nakala ya awali, yaani maandishi ambayo bado yanaweza kukatwa, kuongezwa au hata kutupwa. Waandishi wa vitabu hulitumia kwa maana iyo hiyo. Mswada haugeuki kuwa sheria kwa kusomwa. Ni lazima upitishwe, kisha kwa kawaida utiwe saini na Rais. Basi kusema 'wabunge wajadili sheria mpya' ilhali kilicho mbele yao ni mswada ni kumwambia msomaji kwamba mambo yamekwisha kabla hayajaanza.

Neno la pili ni 'Bunge'. Wengi wetu husema 'Bunge na Seneti', kana kwamba Seneti iko nje ya Bunge. Sivyo. Kwa mujibu wa Kifungu cha 93 cha Katiba ya 2010, Bunge la Kenya lina sehemu mbili: Bunge la Kitaifa na Seneti. Bila kuwahesabu maspika, Bunge la Kitaifa lina wabunge 349, nayo Seneti ina maseneta 67. Atakaye kuzitofautisha na aseme 'Bunge la Kitaifa na Seneti'. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu si kila mswada hupitia pande zote mbili. Mswada wa fedha, kama ule wa ushuru, hushughulikiwa na Bunge la Kitaifa pekee. Unaohusu kaunti ni sharti upite kotekote. Usipojua mswada uko upande gani, utapeleka maoni yako kusikohusika.

Sasa turudi kwa yule kijana. Mswada unaposomwa kwa mara ya kwanza, hakuna mjadala wala kura. Kinachosomwa ni kichwa chake tu. Baada ya hapo mswada hukabidhiwa kamati. Katika Bunge la Kitaifa huitwa kamati za idara na katika Seneti huitwa kamati za kudumu. Kila moja ina eneo lake: afya, elimu, kilimo, fedha na kadhalika. Watu 349 hawawezi kuketi pamoja wakapima mswada neno kwa neno. Wachache wanaweza, na kazi hiyo ndiyo ya kamati.

Kamati si baraza la kupiga soga. Kifungu cha 125 kinaipa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu ya kuwaita mashahidi, kuwaapisha na kudai stakabadhi. Kifungu cha 118 kinaagiza vikao vyake viwe wazi kwa umma, na kwamba wananchi washiriki katika kazi ya Bunge na kamati zake. Ndiyo maana huona matangazo magazetini yakiwaalika watu kuwasilisha maoni kwa Karani kabla ya siku fulani.

Kamati ikimaliza, huandika ripoti. Mswada husomwa kwa mara ya pili na kujadiliwa kwa jumla. Kisha wabunge wote hugeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu baada ya kifungu, wakipigia kura marekebisho. Husomwa kwa mara ya tatu ndipo upitishwe.

Je, kamati hubadilisha chochote? Kumbuka mkate. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa umependekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Baada ya kamati ya fedha kupokea maoni ya umma, ilitangazwa Juni 18 kwamba pendekezo hilo limeondolewa. Mengine yaliyowakera watu yalibaki, na tunajua yaliyofuata: wabunge waliupitisha Juni 25 huku vijana wakiandamana, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini.

Pande mbili za Bunge zinapovutana kuhusu mswada wa kaunti, huundwa 'kamati ya upatanishi' yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande. Mwaka wa 2025 Bunge la Kitaifa lilitaka kaunti zigawiwe takriban Sh405 bilioni, Seneti ikashikilia Sh465 bilioni. Kamati ikafikia Sh415 bilioni. Ingeshindwa kuelewana ndani ya siku 30, mswada ungeanguka. Neno 'upatanishi' limefaa hapa. Kamati hiyo haitoi hukumu kama jaji. Hutafuta toleo moja ambalo pande zote mbili zitalipigia kura.

Nimalizie na neno linalonikera zaidi: 'ushirikishwaji wa umma'. Hebu tulipasue. 'Kushiriki' ni kufanya jambo pamoja na wenzako. 'Kushirikisha' ni kumfanya mtu ashiriki. 'Kushirikishwa' ni kufanywa ushiriki. Katika 'ushirikishwaji', mwananchi ni mtendwa, ameitwa, amehesabiwa, amerudi nyumbani. Katika 'ushiriki', yeye ndiye mtenda. Maneno yote mawili ni sahihi kisarufi, lakini hayabebi maana moja. Wajibu wa Bunge ni kushirikisha, wetu ni kushiriki. Tukililia la kwanza tu, tutakuwa kama mgeni anayengoja kukaribishwa katika nyumba yake mwenyewe.

Kuna anayesema, 'Lakini miswada huandikwa kwa Kiingereza.' Kweli, mingi huchapishwa hivyo, na hilo ni dosari ya kurekebishwa. Hata hivyo, Kifungu cha 120 kinataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Maoni yako kwa Kiswahili si ombi la hisani.

Kabla ya kushuka, nilimweleza kijana yule kwamba ule mswada ndio kwanza ulikuwa unaelekea kwa kamati. Akanitazama. "Kwa hivyo bado?"

Bado. Samaki mkunje angali mbichi.