Jiko la gesi lahitaji ukaguzi masika yapitapo

MVUA za masika zinapokatika Kisauni, aghalabu wakazi huanika magodoro na kusugua kuta zilizoota ukungu. Ni wachache wakumbukao jiko la gesi, ilhali ndicho chombo ambacho unyevu na chumvi ya msimu huo hukidhuru kimyakimya.

Kuanzia Junda kando ya hori hadi Shanzu ufuoni mwa bahari, pepo za kusi huja na chembechembe za chumvi. Chumvi hiyo hunyonya unyevu na kuushikiza juu ya chuma. Ndiyo sababu kutu hula majiko ya Pwani upesi kuliko ya bara.

Madhara yake hayaishii kwenye sura ya jiko. Gesi hutokea katika kitundu chembamba, ikavuta hewa kupitia uwazi ulio kwenye shingo ya kichomeo, kisha mchanganyiko huo ukawaka kwa mwale wa samawati. Kutu, mafuta ya mishkaki au utando wa buibui ukiziba njia hiyo, hewa hupungua. Moto huwa wa manjano, sufuria huingia masizi na gesi huisha mapema.

Lililo baya zaidi, huzalika kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua katika chumba kilichofungwa madirisha.

Usafi wenyewe hauhitaji fundi. Funga mtungi na usubiri jiko lipoe. Toa wavu na vichomeo, vioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha uzibue vitundu kwa waya mwembamba bila kuvipanua. Vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Wavu wa chuma upakwe mafuta kidogo ya kupikia.

Halafu ukague mpira. Wenye nyufa au uliokakamaa haufungwi kwa utepe, hubadilishwa. Fungua gesi ukiwa hujawasha jiko, upake povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Kiberiti kisitumiwe kamwe kwa kazi hiyo.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni ikingoja cheche. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango na madirisha, wala usiguse swichi ya umeme. Mkasa wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 1, 2024, ambapo lori la gesi lililipuka na kuua watu, ulionyesha jinsi gesi iliyovuja isivyosamehe.

Mtungi ulioliwa na kutu usifichwe kwa rangi. Urudishwe kwa muuzaji aliyeidhinishwa.

Ukaguzi huu urudiwe kabla ya kaskazi kuanza mwezi Desemba, na vilevile kabla ya Ramadhani, wakati jiko huwashwa kabla ya alfajiri huku wengi nyumbani wangali usingizini.